Viatu vya Dadi

Dakta Abdulswamad hakuwa daktari wa sindano, ingawa majirani hawakuacha kumgongea mlango wakiwa na watoto wenye homa. Alikuwa mhadhiri wa sosholojia katika chuo kimoja cha Morogoro, mtu wa makamo, mwenye kipara kinachong'aa na mashati yaliyopigwa pasi mpaka kwenye kola. Alitibu jamii. Ndivyo alivyopenda kusema mwenyewe, na jamii, masikini, haikuwa na habari kwamba imelazwa.

Namna yake ya kupima ugonjwa ndiyo iliyompa jina. Wasomi wenzake wakitaka kuijua jamii huenda sokoni, harusini, kwenye mikutano ya kijiji. Yeye alisubiri kitu kipinduke. Akiwa masomoni Ulaya alikutana na maandishi ya mtaalamu mmoja aliyeisoma dunia ya sasa kwa kuzitazama ajali zake, akayapenda mawazo yale, akarudi nayo nyumbani kama mtu aliyerudi na mchumba. Chombo kikiwa kizima hakikwambii kitu, aliwafundisha wanafunzi wake. Kitazame siku kilipoharibika.

"Zamani mkungu wa ndizi ulishuka kutoka Kinole ukiwa kichwani mwa mtu," alikuwa akisema, akitembea mbele ya darasa mikono nyuma. "Ajali yake ilikuwa nini? Kuteleza. Mtu anainuka, anafuta matope, anachekwa, safari inaendelea. Leo mkungu unashuka kwa bodaboda. Ajali yake ni mguu kukatwa. Msiniambie bodaboda imetuletea nini mpaka mmepita wodi ya mifupa!"

Kila kitu kipya kinachotujia, alisema, kinakuja na ajali yake mfukoni. Wanafunzi walimpenda kwa maneno hayo, wakamwita Dakta Pancha. Alilijua jina hilo na lilimpendeza. Mtoto wa Kinole aliyekuzwa kwa magimbi, akipewa jina la utani na vijana waliotoka Bukoba na Mbeya na Mtwara, ana haki ya kujisikia kidogo. Shida ni kwamba yeye hakujisikia kidogo.

Siku yenyewe alikuwa anarudi kutoka kwenye kongamano Dodoma, peke yake ndani ya gari. Alipokaribia Dumila alikuta matawi mabichi yamelazwa barabarani, na hakuna dereva asiyejua maana yake. Mbele kumeharibika. Foleni ikasimama. Fuso iliyotoka Gairo na mahindi ilikuwa imelala ubavu, magunia yamepasuka, na kando ya lami alilala mwanaume ambaye kila mtu aliona kwamba amekwisha. Abdulswamad hakushuka. Jua lilikuwa kali na kiyoyozi kilikuwa kinafanya kazi vizuri. Aliacha kioo kikiwa juu, akatoa simu, akaanza kurekodi.

Alichokipata ni hiki. Mwanamke mnene, amejifunga kanga kiunoni, ndoo yake ya karanga na mahindi ya kuchemsha ameitua pembeni, amepiga magoti karibu na marehemu. Anasema maneno huku akitikisa kichwa, meno yote nje. Anamvua kiatu cha kulia, kisha cha kushoto. Anavua kitambaa cha kichwani mwake, anavifunga viatu ndani yake. Kisha anainua uso, anatazama moja kwa moja kwenye kamera, na anapunga mkono.

Baadaye foleni iliachiwa, naye akaondoka. Njia nzima mpaka mjini alikuwa akitabasamu. Tuseme ukweli tu, mtu amekufa na msomi wetu alikuwa na furaha, kwa sababu alikuwa amepata mfano ambao hata yule mtaalamu wake wa Ulaya angemwonea wivu.

Wiki hiyohiyo aliwaonyesha wanafunzi, picha ikiwa kubwa ukutani. Sauti aliizima ili apate nafasi ya kuzungumza.

"Tazameni uso wake," alisema. "Anacheka! Mtu amekufa, yeye anacheka. Anamvua viatu. Na hapa, hapa, tazameni, anatupungia. Huyu si mwizi wa kawaida. Ajali imekuwa soko, imekuwa sherehe, na mama huyu ndiye daktari anayetuonyesha ugonjwa wetu bila kujua."

 Mwanafunzi mmoja wa safu ya mbele, Upendo, alikuwa akirekodi kwa simu, na mhadhara ulipokwisha akaomba ruhusa ya kuirusha.

"Rusha," alisema Abdulswamad. "Elimu haifungiwi kabatini."

Ikarushwa. Ikatembea kwenye magrupu ya familia, ya kwaya, ya wafugaji wa kuku, mpaka ikawafikia watu ambao hawajawahi kufika Morogoro. Njiani ilikatwakatwa. Maneno ya soko na sherehe yalitupwa kwanza, kwa kuwa nani ana muda? Ikabaki sauti ya Abdulswamad ikisema "anacheka", ukabaki uso wa mama yule, na juu yake mtu asiyejulikana akaandika: MWIZI WA MAITI DUMILA. Watu walilaani, wakaomba radi ishuke. Abdulswamad aliyasoma maoni hayo akiwa sebuleni kwake, miguu juu ya stuli. Alisikitika kidogo kuona nadharia imepotea, lakini jina lake lilikuwa bado lipo pale chini, na lilikuwa limeandikwa sawasawa.

Jumamosi moja alipanda Kinole kumsalimia mama yake. Bi Mwajuma alikuwa kibarazani anachambua maharage kwa vidole tu, maana macho yalikuwa na mtoto wa jicho na upasuaji alikuwa ameukataa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Nasikia siku hizi unakaa ndani ya simu za watu. Kila anayepita hapa ananiambia. Hebu na mimi nionyeshe."

"Hutaona vizuri, mama."

"Nitasikiliza. Masikio Mungu bado ameniachia." Akamzuia mkono. "Usiniwekee hiyo unayohutubia. Wewe nakusikia tangu unazaliwa. Niwekee huyo mama mwenyewe."

Akaitafuta ile ya kwanza, ile aliyorekodi garini, akapandisha sauti mpaka mwisho. Na hapo ndipo ilipomjia kwamba yeye mwenyewe hajawahi kuisikiliza. Aliitazama mara nyingi mno, akaisimamisha, akaivuta uso ukawa mkubwa. Kuisikiliza, hajawahi. Sauti ilikuwa nyembamba kwa sababu ya kioo cha gari, lakini ilikuwepo.

Vidole vya Bi Mwajuma vilisimama juu ya ungo. "Rudia," alisema.

Akarudia. Mwanamke alikuwa akisema, na sauti yake ilikuwa inakatikakatika:

"Dadi we! Mluguru mjinga wee! Asubuhi nimekwambia kaa ule mahindi, ukasema unawahi. Haya, umewahi wapi? Umewahi wapi, mtani wangu? Lete viatu hivi. Huko uendako utaingia pekupeku kama ulivyozaliwa huko mlimani kwenu. Hivi nampelekea mkeo, na simpi mpaka anitolee jogoo. Unasikia? Jogoo! Inuka basi unitukane. Inuka, Dadi."

Halafu kilisikika kilio, kile kilio cha mtu anayelia mdomo wazi, ambacho ukikitazama bila sauti unaona meno tu.

"Huyu Mnyamwezi," alisema Bi Mwajuma taratibu. "Na marehemu ni Mluguru mwenzetu."

"Wanasema kwao Matombo."

"Basi anamlilia mtani wake. Wewe ulidhani anafanya nini?"

Abdulswamad akaiweka simu chini.

"Baba yako alipozikwa," mama aliendelea, "yule Mnyamwezi fundi baiskeli alitangulia kaburini, akajilaza chali, akasema hatoki mpaka apewe jogoo, na kwamba shimo lenyewe ni dogo kwa tumbo la Mluguru mlafi. Watu walicheka huku wanalia. Wewe ulicheka kuliko wote, na ulikuwa na ndevu tayari. Nani alimtoa mle kaburini? Si wewe uliyemkamatia jogoo?"

Ni yeye. Alimkumbuka hata jogoo mwenyewe, mwekundu, aliyemkimbizia nyuma ya choo huku machozi yanamtoka na kicheko kimemkaba. Hapo ndipo aibu ilipompata, na haikuwa aibu ya mtu aliyekosa kujua. Mtu asiyejua huambiwa, akajua, mambo yakaisha. Yeye alikuwa anajua. Alikijua kitu kile tangu utotoni, kilimfuta machozi siku ya baba yake, na siku alipokikuta kando ya barabara alikitazama kupitia kioo na kukiita ugonjwa.

"Mwanangu," alisema Bi Mwajuma, akirudia maharage yake, "huyo mama ana jina?"

Hakulijua.

Jambo la kwanza alilofanya aliporudi mjini ni kurekodi video ya kuomba radhi. Alieleza vizuri, pole pole, utani ni nini, kosa lake ni lipi. Akairusha. Watu wakaipita kama wanavyopita tangazo la mbuzi aliyepotea. Mmoja aliandika, "Mzee umehongwa?" Basi.

Siku iliyofuata aliendesha mpaka Dumila. Njiani alijaribu kufikiri kama msomi, ndiyo mazoea, akajiambia kwamba simu nayo ni chombo, nayo ina ajali yake, na safari hii dereva alikuwa yeye. Wazo lilikuwa zuri. Alijichukia kwa kuliona zuri, akafungua kioo hewa ya moto iingie.

Pale njia panda alimuuliza kijana wa miwa kuhusu mama anayeuza karanga. Kijana akacheka. "Mama Viatu? Huyo haji tena barabarani. Akisogea kwenye basi abiria wanafunga madirisha. Kuna mmoja alimmwagia maji." Akamwelekeza nyuma ya mashine ya kusaga, nyumba yenye mlango wa bluu.

Jina lake lilikuwa Bernadeta. Alikuwa uani akipepeta karanga, na Abdulswamad alipobisha hodi aliinua uso uleule. Njia nzima alikuwa amejiandaa kwa jambo moja, matusi. Yeye Mluguru, huyu Mnyamwezi. Babu yake Bernadeta alikuja kutoka Tabora kukata mkonge Kimamba, kama wengi wao, na tangu enzi hizo hakuna Mnyamwezi aliyemkaribisha Mluguru bila kumwita mlafi au mwoga au mchawi wa mlimani. Abdulswamad aliyataka matusi hayo. Aliyahitaji kama mgonjwa anavyohitaji kutapika.

"Karibu, daktari," alisema Bernadeta. Akafuta kiti kwa upindo wa kanga, akamletea maji kwenye glasi, glasi akaiweka juu ya sahani. "Pole na safari."

"Umenijua?"

"Sauti. Na siku ile nilikuona. Ulikuwa kwenye gari jeupe, kioo juu. Nilikupungia."

"Ulikuwa unanipungia mimi?"

"Nilitaka mwanaume mmoja anisaidie. Mtani wangu alikuwa juani na mimi peke yangu nisingeweza kumbeba. Wenzangu wote walikuwa wanamshughulikia dereva wa Fuso, yeye alikuwa anapumua bado. Nikaona huyu mzee ana simu mkononi, kumbe labda anapiga kuita msaada, acha nimwite." Alisema bila kupandisha sauti, kama mtu anayeeleza njia ya kwenda sokoni. "Halafu magari yakaanza kuondoka."

Anatupungia, alikuwa amewaambia wanafunzi. Alitamani ardhi ipasuke immeze, yeye na shati lake.

Alimweleza yote. Aliomba msamaha kwa Kiswahili cha mhadhara, kikamshinda, akaomba kwa maneno ya kawaida. Bernadeta alisikiliza hadi mwisho. Kisha akaingia ndani, akatoka na kile kitambaa cha kichwani, bado kimefungwa vilevile.

"Dadi alikuwa utingo wa ile Fuso. Kila safari ya Gairo lazima asimame hapa tutukanane, ndiyo afike salama, alikuwa anasema. Nilipanga nivipeleke mwenyewe siku ya arobaini, kwa mkewe Mwembesongo, kule mjini. Nikae mlangoni, nisiingie mpaka jogoo atoke. Ndiyo kazi yangu. Lakini sasa niambie, daktari, nikitokea pale mlangoni na viatu vya marehemu mkononi, wataona nini?"

"Twende wote. Nitawaeleza mimi."

"Hapana. Wewe vipeleke. Wewe wanakuamini."

Hakulisema kwa kejeli. Abdulswamad alisubiri kejeli ije, haikuja. Alisimama na kile kifurushi mkononi, kizito kuliko alivyofikiri.

"Nitukane basi, mtani," alisema, na sauti ilimtoka ya kitoto. "Mimi ni Mluguru wa Kinole. Nitukane."

"Mimi siwezi kukuvunjia heshima, daktari," alisema Bernadeta. "Safari njema."

Arobaini ilisomwa uani kwa marehemu, Mwembesongo, chini ya turubai. Baada ya dua, pilau ikiwa bado jikoni, Abdulswamad alisimama mbele ya watu asiowajua akiwa na kitambaa mkononi. Akasema jina lake. Akasema yeye ndiye mwenye sauti ile kwenye video. Akawaeleza mama yule ni nani, alikuwa anasema nini, na alikuwa anampungia nani. Hakutaja nadharia hata moja. Kisha akaviweka viatu mbele ya mjane, Shadya, binti mwembamba aliyevaa baibui, ambaye alivitambua kabla kitambaa hakijafunguka vizuri, akavikumbatia.

Mjomba wa marehemu, ambaye kwa Waluguru ndiye mwenye msiba, alivua kofia akajikuna kichwa.

"Kwa hiyo sisi tumekaa hapa siku zote hizi tunamlaani mtani wetu?"

"Mimi nimemlaani kwenye kila sala," alisema Shadya. Machozi yalimtiririka. "Nilikuwa nawauliza, mbona mume wangu kazikwa kimya hivi? Mbona hakuna hata mmoja aliyemtukana? Nipe namba yake."

Abdulswamad akampa. Shadya alipiga, akaweka spika, akaiinua simu juu kama anayetafuta mtandao.

"Hallo?" Sauti ya Bernadeta ilikuwa ya tahadhari, sauti ya mtu ambaye siku hizi hapokei namba ngeni kwa furaha.

"Wewe Mnyamwezi," alisema Shadya, akijikaza. "Viatu vimefika bila mtu mlangoni. Jogoo wako tumemla sisi. Kazi imekushinda?"

Mjomba akadhani simu imekatika. Halafu:

"Mmemla jogoo wangu? Waluguru nyie! Hata msibani mnakula cha mwenzenu! Nilijua tu, huyo Dadi alikufa kwa kukwepa kuninunulia soda, na nyie ndugu zake ni walewale. Mjomba wake yupo? Yule ambaye Dadi alisema ana miguu kama fito za kibanda?"

Uani pote palilipuka. Mjomba alipiga goti lake, akacheka mpaka akakohoa, akajibu kwamba miguu hiyo ndiyo iliyowakimbiza Wanyamwezi mkongeni. Bernadeta akamgeukia shangazi, kisha wapishi, kisha Shadya mwenyewe, akamwambia ni mwembamba mno, upepo wa Morogoro utampeperusha, ale. Watu walilia na kucheka kwa pamoja, kama inavyotakiwa, kama ilivyotakiwa tangu siku ya kwanza. Shadya alikuwa ameinamia vile viatu na mabega yanamtikisika, na hakuna aliyeweza kusema kama ni kicheko au kilio.

"Na huyu daktari wako yupo hapa," Shadya alisema alipopata pumzi. "Kajikunyata kama kuku aliyenyeshewa. Naye mpe lake!"

Watu wakageuka kumtazama Abdulswamad, nyuso bado zina kicheko, wakisubiri. Naye akainua kichwa. Alisubiri kuliko wote.

"Daktari yupo?" ilisema simu, na sauti ilikuwa imebadilika. "Daktari, habari za kazi. Nashukuru sana kwa kufikisha viatu. Mungu akubariki."

Mjomba akavaa kofia yake. Mtu mmoja akauliza kuhusu pilau.

"Amina, mama," alijibu Abdulswamad, akarudi kukaa mahali pake.